Kwa Nini Tunaimba Kanisani?

Leo tunafundishana juu ya nyimbo za kanisa. Tutajibu mambo mawili ambayo Wakristu wetu hutuambia mara nyingi. Mmoja husema: “Mimi sina sauti, kuimba ni kazi ya kwaya.” Mwingine husema: “Nimefiwa, nimekimbia kijiji changu, nitaimbaje?” Neno hili la pili ni zito, nasi hatutalipita upesi.

Kwanza: Wimbo ni sala ya watu wote

Usiku ule wa Karamu ya Mwisho, Bwana wetu aliimba pamoja na mitume wake, ndipo wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni. Mathayo na Marko wote wawili wanashuhudia hivyo. Tuwatazame walioimba: wavuvi wa samaki na mtoza ushuru. Bwana hakuwachagua kwa uzuri wa sauti zao.

Kanisa limeshika mfano huo. Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba wimbo mtakatifu ni sehemu ya liturgia yenyewe, na kwamba waumini wote wana haki na wajibu wa kushiriki. Tena ulifundisha kwamba mataifa yenye muziki wao wenyewe waheshimiwe katika muziki huo. Kwa sababu hiyo ngoma zetu zinaingia kanisani bila haya. Na tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Katika Misa hiyo, Utukufu unapoimbwa, padri na watumishi wake huizunguka altare kwa kucheza.

Basi kwaya ni ya nini? Kwaya ni kama mpiga ngoma uwanjani. Yeye huanza na kuongoza, lakini watu wote wakisimama wakimtazama tu, hakuna mchezo. Kwaya inayoimba ili watu wanyamaze na kustaajabu imesahau kazi yake.

Pili: Anayelia naye ana mahali katika wimbo

Wako wanaodhani kwamba nyimbo ni za siku ya furaha tu. Sivyo. Wakati Bwana alipoimba na mitume wake, mateso yake yalikuwa karibu, naye alijua. Zaburi nyingi ni vilio vya watu walioonewa, wagonjwa na wafungwa. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane kule Filipi, miguu yao ikiwa imefungwa gerezani.

Tusikilize pia habari za mwaka 386. Katika mji wa Milano, Justina, mama wa mfalme, alimtesa askofu Mtakatifu Ambrosio. Watu walikesha kanisani, tayari kufa pamoja na askofu wao, na Mtakatifu Monika alikuwa kati yao. Mwanawe, Mtakatifu Augustino, ameandika kwamba ndipo walipoanza huko kuimba zaburi na nyimbo kwa namna ya Wakristu wa Mashariki, ili watu wasikaukiwe na moyo kwa huzuni. Mapadri Waasumpsio, waliofika katika nchi yetu ya Beni mwaka 1929, wanafuata kanuni ya huyo Augustino.

Na sisi wa Mangina tumeyaona mambo hayo kwa macho yetu. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imo kwetu. Mpaka ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamekufa katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Hatukuruhusiwa kuwaosha wafu wetu wala kuwagusa. Katika Misa tuliacha kupeana mikono ya amani. Mama alisimama mbali, akitazama watu waliovaa mavazi ya kujikinga wakimshusha mwanawe kaburini. Mkono ulizuiliwa, lakini sauti ilivuka nafasi ile, ikamfikia mama, ikamsindikiza marehemu. Na wengi wetu tumezika tena, kwa sababu ya mauaji yaliyoanza katika nchi ya Beni mwaka 2014.

Je, tumlazimishe mfiwa kuimba? Hapana. Kinywa chake kikiwa kizito, anyamaze, alie, na jirani zake wamwimbie. Wimbo ni wa watu wote, kwa hiyo mmoja akichoka, wengine humchukua, kama machela inavyochukuliwa na mabega mengi. Sasa yule asemaye “mimi sina sauti” aone: akinyamaza bila sababu, ameondoa bega lake chini ya machela ya mwenzake.

Tatu: Moyo upatane na kinywa

Mtakatifu Augustino alilia machozi aliposikia nyimbo za Milano, lakini aliogopa asije akapenda sauti kuliko maneno. Nasi tujihadhari. Wakulima wa kakao mwajua: punje huonekana njema kwa nje, lakini mnunuzi huipasua kwa kisu, naye akikuta uvundo ndani huikataa. Anayeimba upendo siku ya Mungu, na kesho yake akasogeza mpaka wa shamba la mjane, wimbo wake Mungu ataupasua.

Azimio la juma hili

Kila mmoja ajifunze wimbo mmoja mpaka aelewe maneno yake yote, auimbe nyumbani pamoja na watoto. Tena jumuiya yenu iende kwa mfiwa mmoja, imwimbie.

Maswali

Kwaya ni ya nini? Ni ya kuwasaidia watu wote waimbe.

Je, mwenye huzuni aweza kuimba? Ndiyo, na asipoweza, ndugu zake wamwimbie.

Wimbo gani unampendeza Mungu? Ule ambao moyo na matendo vinapatana nao.

Mungu awabariki, na Mama Maria, aliyemtukuza Bwana nyumbani kwa Elizabeti, awaombee. Tumsifu Yesu Kristu!