Kuondoa Virusi Katika Kompyuta ya Nyumbani

Natumaini darasa la Basotu limekwisha kaa, na mmoja wenu ameshika chaki. Leo twazungumza juu ya virusi vya kompyuta.

Tuseme wewe ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Hesabu za wanachama umeziandika katika flashi, nawe huzifungulia katika kompyuta ya nyumbani. Siku moja umekwenda Katesh kuchapisha orodha, ukachomeka flashi katika kompyuta ya duka ambayo watu wengi huitumia. Jioni, nyumbani, waona kila jina lina kishale kidogo pembeni. Wabonyeza, hesabu hazionekani. Na mkutano ni kesho kutwa. Utafanya nini?

Wengi husema, "Faili zimeliwa." La, hazijaliwa. Kirusi cha namna hii huzificha faili zako, kisha huweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibonyeza mojawapo, wewe mwenyewe ndiye unayekiamsha, nacho huingia kompyutani. Ujanja huu una sababu yake. Zamani Windows iliweza kuendesha yenyewe programu iliyomo katika flashi mara inapochomekwa. Kirusi kilichoitwa Conficker, kilichoonekana mwaka 2008, kiliutumia mlango huo. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza marekebisho ya kuufunga. Tangu hapo virusi vingi vya flashi huhitaji kidole chako.

Fundi atakuambia, "Tuipige Windows upya." Usikubali haraka. Kazi hiyo yaweza kufuta kila kilichomo katika kompyuta, na flashi yenye kirusi itabaki mfukoni mwako. Wafugaji wa Basotu mwalijua jambo hili kuliko mimi: ukiogesha nusu ya kundi joshoni, na nusu ukaiacha na kupe, haupiti muda wote wana kupe tena. Basi kompyuta na flashi zote za nyumba hiyo sharti zisafishwe siku moja.

Kwanza chomoa flashi. Washa intaneti ya simu dakika chache ili Microsoft Defender, programu ya ulinzi iliyomo bure ndani ya Windows 10 na 11, ipate orodha mpya ya virusi. Kisha fungua alama ya ngao, ingia sehemu ya virusi, ukachague ukaguzi wenye neno Offline. Kompyuta itazimika na kuwaka tena, na ukaguzi utafanyika kabla Windows haijaamka. Kirusi nacho kitakuwa kimelala, hakiwezi kujificha. Hesabu kama robo saa. Umeme ukiwa wa mashaka, jaza betri kwanza.

Sasa chomeka flashi, wala usifungue kitu chochote ndani yake. Tazama herufi yake. Tuseme ni E. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uikague kwa Defender. Ikimaliza, andika cmd katika nafasi ya kutafutia. Litafunguka dirisha jeusi. Humo andika maneno haya, ukiangalia sana nafasi zilizo katikati. Mwalimu ayaandike ubaoni:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Ile herufi h ni ya kuficha, na alama ya kutoa iliyo mbele yake huondoa maficho hayo. Faili zako zitatokea. Wakati mwingine zote zimo katika folda isiyo na jina, usiogope, ifungue. Nakili hesabu, barua na picha tu. Njia za mkato, na programu usizoziweka wewe, ziache huko huko, halafu ifomati flashi. Kama ulifungua barua pepe katika kompyuta hiyo, badilisha neno la siri kwa kutumia simu.

Viko virusi vibaya zaidi. WannaCry, kilichoenea nchi nyingi Mei 2017, hakikuficha faili bali kilizifunga na kudai fedha. Hapo maneno yale ya ubaoni hayafai kitu. Huponi ila kwa nakala uliyoiweka mbali na kompyuta. Somo lijalo litakuwa juu ya nakala hiyo, kwa hiyo mje na flashi zenu, mkiisha kuzikagua. Kwaherini.