Mshipa Uliotanuka na Chembe Zinazogandisha Damu



Zipo dawa zinazotanua mishipa ya damu na papo hapo kuzituliza chembe sahani, zile chembe ndogo zinazoanzisha kuganda kwa damu. Zipo nyingine zinazotanua tu. Ukitaka kujua tofauti yao inatoka wapi, usiangalie upana wa mshipa. Angalia utando mwembamba unaoufunika kwa ndani.

Mwaka 1976, katika maabara za Wellcome huko Beckenham, Uingereza, John Vane, Salvador Moncada na wenzao walitangaza ugunduzi wa prostasaiklini. Kemikali hii hutengenezwa na utando huo, na ina kazi mbili: hulegeza misuli ya ukuta wa mshipa na kuzizuia chembe sahani zisishikamane. Mwaka 1980 Robert Furchgott, akifanya kazi New York, alionyesha kuwa kipande cha aota ya sungura hulegea kinapotiwa asetilikolini, ila utando wake ukikwanguliwa hakilegei. Baadaye ilibainika kuwa kilichokilegeza ni gesi, nitriki oksidi, ambayo nayo huzituliza chembe sahani. Nitrogliserini, iliyoelezwa na William Murrell mwaka 1879 kuwa tiba ya maumivu ya kifua, ilikuwa ikifanya kazi kwa njia ya gesi hiyo muda wote ambao hakuna aliyeijua.

Chembe sahani nazo zina kemikali yao, thromboksani, inayobana mshipa na kuita chembe nyingine. Chembe sahani huishi siku 7 hadi 10 na haina kiini. Aspirini ikishakifunga kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza thromboksani, chembe hiyo haiwezi kuunda kingine mpaka inakufa. Utando wa mshipa unaweza, na hurudia kutoa prostasaiklini. Kwa sababu hiyo miligramu 75 hadi 100 kwa siku humtosha mgonjwa wa moyo. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba dozi kubwa si lazima iwe bora.

Nataka kukaa zaidi kwenye dipiridamoli. Iliingia katika tiba yapata mwaka 1960 kama dawa ya kutanua mishipa ya moyo, na kweli iliitanua. Lakini maumivu ya kifua hayakupungua kama ilivyotarajiwa. Sababu ni kwamba sehemu ya moyo iliyokosa damu huwa imekwisha kuitanua mishipa yake midogo hadi mwisho. Dawa inapokuja huifungua ile mizima, na damu ikakimbilia huko. Wakulima wa mifereji ya Kilimanjaro wanalielewa hili bila mhadhara: wa juu wakifungua maji yote kwa pamoja, shamba la chini hukauka.

Thamani ya dawa hiyo ilikuwa kwingine. Mwaka 1965 watafiti wa Uingereza waliripoti katika jarida la Nature kuwa ilizuia madonge ya damu kwa sungura. Dipiridamoli huzuia adenosini, kemikali ya mwili inayotanua mishipa na kuzituliza chembe sahani, isinyonywe na seli, na pia huzuia vimeng'enya vinavyovunja saikliki-AMP, ujumbe wa ndani unaoiambia chembe sahani itulie. Mwaka 1996 yakatoka matokeo ya utafiti wa Ulaya wa wagonjwa 6,602 waliokwisha kupata kiharusi au dalili zake za muda. Ikilinganishwa na kidonge kisicho na dawa, aspirini peke yake ilipunguza hatari ya kiharusi kwa asilimia 18, dipiridamoli kwa 16, na zote mbili pamoja kwa 37. Wengi waliacha dipiridamoli kwa sababu ya maumivu ya kichwa, yanayotokana na kule kutanuka kwa mishipa. Tabia yake ya kuhamisha damu moyoni nayo imepata kazi: leo huchomwa kwa sindano wakati wa kupiga picha za moyo, ili sehemu yenye mshipa ulioziba ionekane.

Amlodipini, wanayoimeza wagonjwa wengi wa presha hapa kwetu, huzuia kalsiamu isiingie kwenye misuli ya mshipa. Inashusha presha vizuri, na kwa kufanya hivyo inakinga kiharusi. Hata hivyo si dawa ya kuzuia damu kuganda, na mgonjwa aliyeandikiwa aspirini asiiache kwa kudhani kidonge cha presha kinatosha.

Kuna hatari moja ambayo naomba wafamasia waliopo waichukue kwa uzito. Sildenafili, inayouzwa sana kwa ajili ya nguvu za kiume, huzuia kuvunjwa kwa saikliki-GMP, ujumbe wa ndani ya seli unaozalishwa kwa amri ya nitriki oksidi. Mtu anayetumia nitrati za moyo, kama nitrogliserini, akiimeza, presha yake inaweza kuporomoka ghafla hadi akafa. Anayekuja dirishani kuinunua huwa na haraka, na mara nyingi huona haya. Mwiteni pembeni, mumuulize kama ana dawa ya kuweka chini ya ulimi, au nitrati nyingine yoyote. Akisema anayo, msimuuzie; mwelekezeni kwa daktari wake siku hiyohiyo.