Sifuri Isiyothibitisha Usalama

Msikilizaji, kipima gesi cha mkononi kikionyesha sifuri kwenye mdomo wa shimo la majitaka, sifuri hiyo ina maana mbili: hewa ni salama, au kihisi kimekufa. Kwenye kioo zote zinafanana. Kihisi cha gesi zinazolipuka huharibiwa na mvuke wa silikoni, uliomo hata kwenye baadhi ya dawa za kung'arisha dashibodi za magari. Na tope likiziba kichujio, gesi haiingii kabisa. Pua nayo si ya kutegemea. Haidrojeni salfaidi hunuka kama yai viza, lakini ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa.

Ndiyo maana kila siku kabla ya kazi kifaa kipuliziwe gesi ya majaribio yenye kiwango kinachojulikana. Mtungi ukiandikwa sehemu 25 kwa milioni, namba ipande kuelekea 25 na king'ora kilie. Ikishindikana, kirekebishwe: kwanza kwenye hewa safi, mbali na moshi wa jenereta, oksijeni ikisoma asilimia 20.9, kisha kwa gesi ya mtungi. Wapo wanaosema kifaa hujikagua kinapowashwa. Ni kweli, hukagua betri na saketi; hakijui kama gesi inakifikia kihisi. Wengine hulalamikia bei ya mtungi, na si ndogo, ila jaribio moja hutumia gesi kidogo sana.

Fundi, kabla ya kushuka, mwombe msimamizi rekodi ya jaribio la leo. Kama haipo, usishuke.