Kabla Fundi Hajapimwa: Maandalizi ya Tathmini ya Kupima Moshi wa Gesi
Hotuba kwa mafundi na wakazi wa Elburgon, Kaunti Ndogo ya Molo



Elburgon iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kila mkazi anaijua baridi ya Julai. Kwa sababu ya baridi hiyo madirisha hufungwa mapema, jiko la makaa huingizwa ndani, na wenye nyumba na hoteli huweka hita za maji zinazotumia gesi. Kitu kinapowaka bila hewa ya kutosha, hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo ni kaboni monoksaidi. Sumu hii hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeivuta akiwa usingizini huenda asiamke.

Pua haiwezi kuigundua. Kinachoigundua ni mashine ya mkononi ya kupima moshi, ikiwa mikononi mwa fundi anayejua kuitumia. Ndiyo sababu mada ya leo ni namna fundi anavyojiandaa kwa tathmini ya umahiri katika kazi hii.

Kwanza, njia za kupata cheti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutahini mafundi kwa gredi, kuanzia Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza. Wanaosoma vyuoni hupimwa chini ya baraza la TVET CDACC, lililoundwa kwa Sheria ya TVET ya mwaka 2013. Fundi aliyejifunzia kazini bila kupita chuoni naye ana nafasi kupitia utaratibu wa kutambua ujuzi wa awali, ulio chini ya mamlaka ya KNQA. Utaratibu huo hudai ushahidi: picha za kazi, barua za wateja na kumbukumbu za vipimo. Kwa hiyo karatasi inayotoka kwenye mashine baada ya kazi isitupwe. Ni mali ya fundi.

Elburgon inajua thamani ya kuwa na ujuzi zaidi ya mmoja. Marufuku ya kukata miti iliyoanza Februari 2018 ilinyamazisha misumeno hadi ilipotangazwa kuondolewa Julai 2023. Fundi mwenye cheti hasubiri msumeno mmoja ulie ndipo ale.

Pili, yanayopimwa. Popote fundi anapotahiniwa, kazi huanza kabla mashine haijawashwa. Mtahini hutazama kama fundi amekagua tarehe ya mwisho ya mashine kuhakikiwa usahihi, betri, filta, chombo cha kunasia maji na mpira wa kuvutia moshi. Mpira uliopasuka huvuta hewa ya pembeni, na moshi mbaya ukaonekana mzuri.

Kisha mashine huwashiwa nje, kwenye hewa safi, ili ianze kwenye sifuri. Oksijeni isome asilimia 20.9. Fundi anayeiwasha ndani ya jikoni lenye moshi ameifundisha mashine kwamba sumu ni hewa safi, na kila namba inayofuata itakuwa ya uongo. Akishaingia, hupima hewa ya chumba kwanza. Hapo ndipo hukagua bomba la moshi, matundu ya hewa, masizi na rangi ya moto, ambao unapaswa kuwa wa buluu. Baada ya hayo ndipo anaingiza kipimio katikati ya bomba na kusubiri namba zitulie.

Tatu, hesabu, ambayo huwaangusha wengi. Namba ya kaboni monoksaidi peke yake haitoshi, kwa kuwa moshi ukichanganyika na hewa nyingi namba hiyo hushuka ingawa moto bado ni mbaya. Dawa yake ni uwiano: kaboni monoksaidi igawanywe kwa kaboni dioksaidi. Tuseme mashine inasoma sehemu 200 kwa milioni za kaboni monoksaidi, na asilimia 10 ya kaboni dioksaidi, yaani sehemu 100,000 kwa milioni. Uwiano ni 0.002. Katika hita ya pili kaboni monoksaidi ni 200 vilevile, lakini kaboni dioksaidi ni asilimia 2, yaani sehemu 20,000. Uwiano ni 0.01, mbaya mara tano zaidi. Anayetazama namba moja ataziona hita hizo kuwa sawa. Jibu lililopatikana hulinganishwa na kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa chombo.

Hapa kuna jambo la kukumbukwa na mafundi wa nyanda za juu. Asilimia ya oksijeni ni ile ile Mombasa na Elburgon, lakini hewa ya Elburgon ni nyepesi kwa takriban moja ya tano. Kwa hiyo hita iliyorekebishwa kiwandani kwa matumizi ya pwani inaweza kukosa hewa ya kutosha huku, moto ukawa wa manjano na sumu ikaongezeka. Maelekezo ya mtengenezaji kuhusu mwinuko yasomwe kabla ya hita kufungwa.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, uamuzi. Mtahini atauliza: namba ikiwa mbaya, fundi atafanya nini? Jibu ni kuzima chombo, kufunga gesi, kufungua madirisha, kuwatoa watu, kubandika onyo na kumwandikia mwenye nyumba. Mteja anaweza kusihi kwamba wageni wako njiani na maji ya moto yanatakiwa jioni hiyo. Fundi mahiri hakubali. Mashine hutoa ushahidi tu. Anayeamua ni fundi, na jina lililo kwenye karatasi ni lake. Asiyefaulu mara ya kwanza hupewa jibu la "bado", kisha hurudi kujifunza na kupimwa tena. Kosa la darasani hurekebishwa. Kosa la chumba cha kulala halirekebishiki.

Mwisho, wakazi nao wana sehemu yao. Fundi anapokuja kufunga hita ya gesi, aombwe cheti, na baada ya kazi aombwe karatasi ya vipimo. Jiko la makaa lisilale ndani na watu, hata likionekana kuzimika. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa, wakasikia kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, kisha wakapata nafuu wakitoka nje, hilo lisidhaniwe kuwa malaria au chakula kibaya. Watoke wote nje, waende hospitali, na chombo kisiwashwe tena mpaka kipimwe.

Tahadhari kabla ya hatari.