Kumrejesha Mtoto Mdogo Katika Utaratibu wa Skuli Baada ya Likizo

(Matini ya mazungumzo kwa wazazi, walezi na watumishi wa Serikali, Unguja na Pemba)



Kila uingiapo mwezi wa Januari, skuli za Unguja na Pemba hufunguliwa baada ya likizo ya mwisho wa mwaka. Likizo hiyo huangukia katika kaskazi, joto likiwa kali, na maisha ya mtoto hubadilika yote. Hulala pale usingizi unapomzidi, huamka jua likiwa limeshapanda, na hula anapokumbuka. Aliyepelekwa shamba kwa bibi yake hushinda pwani au chini ya miembe. Na pale msimu wa karafuu unapokuwa haujamalizika, mtoto wa Pemba hukesha pamoja na wakubwa wanaochambua karafuu na makonyo kwa mwanga wa taa. Hapana ubaya katika hayo. Likizo ni haki ya mtoto, na mengi ya maana hujifunza huko huko. Taabu hutokezea siku ya kufunguliwa skuli, pale mtoto wa miaka minne au sita anapotakiwa abadilike kwa usiku mmoja.

Ni vyema ikaeleweka mapema kwamba mtoto anayelia asubuhi ya siku ile, aghlabu hakufanya ukaidi. Mwili wake bado uko likizo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo. Kwa wenye miaka 6 hadi 12, wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa mwaka 2016 kiwango cha saa 9 hadi 12. Hesabu yake ni nyepesi, ila wachache huifanya. Mtoto wa darasa la kwanza anayehitaji saa 10, na ambaye hana budi kuamka saa 12:00 asubuhi, yapasa awe ameshalala saa 2:00 usiku. Mwenzake wa skuli ya maandalizi, anayehitaji saa 11 na hulala saa moja na nusu mchana, yapasa awe ameshalala saa 2:30. Kwa maneno mengine, ikishasaliwa Isha, watoto hawa waingie kitandani.

Hapo ndipo nyumba nyingi hushindwa, kwa kuwa saa hizo ndizo za televisheni, za simu na za mazungumzo ya barazani. Mtoto hawezi kulala kwa kuamrishwa ilhali nyumba nzima iko macho na inacheka. Utaratibu unaotakiwa kwanza ni wa wakubwa: sauti ipunguzwe, taa ya chumbani izimwe, simu ichukuliwe mikononi mwa mtoto muda wa saa nzima kabla ya kulala, na badala yake asimuliwe hadithi. Bibi zetu wa visiwani walilijua hilo kabla ya wataalamu.

Kuhusu njia ya kufuata, ni rahisi zaidi kuanza na kuamka kuliko kuanza na kulala. Mtoto aamshwe mapema kidogo kila siku, atolewe nje auone mwanga wa asubuhi, kwani mwanga huo ndio unaoipanga upya saa ya mwili. Usingizi wa usiku utajileta wenyewe. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Lakini mtoto aliyezoea kulala saa 5:00 usiku na anayetakiwa kulala saa 2:00 ana saa 3 za kurudisha, na kwa dakika 15 kila siku hizo ni siku 12. Mzazi anayeanza Jumapili kwa skuli inayofunguliwa Jumatatu amechelewa, na fimbo haitamrejeshea siku alizozipoteza.

Lipo pia jambo la mikondo. Katika skuli zenye mikondo miwili, mtoto aliyekuwa akiingia mchana huweza kuhamishiwa mkondo wa asubuhi mwaka mpya unapoanza. Kwake yeye mabadiliko ni makubwa zaidi kuliko kwa nduguze, na wazazi waulize mapema. Kadhalika chuoni: nusu ya siku inayobaki mtoto huitumia kwa Kur-ani, kwa hiyo wiki ya mwanzo siku yake inajaa ghafla kutoka alfajiri hadi magharibi. Si vibaya mzazi akazungumza na mwalimu wa chuo kuhusu siku hizo chache. Sherehe za Mapinduzi za 12 Januari nazo, pamoja na fashifashi za usiku wa kuamkia siku hiyo, humchelewesha mtoto kulala. Aachwe afurahi, kisha kesho yake arejeshwe kwenye saa zake.

Sare, viatu na madaftari havihitaji maneno mengi. Vijaribiwe wiki moja kabla, kwani mguu wa mtoto hukua hata skuli zikiwa zimefungwa.

Linalohitaji maneno zaidi ni tabia ya kumfanya mwalimu kuwa zimwi. Muda wote wa likizo, kila mtoto anapokosea, huambiwa: "Ngoja skuli zifunguliwe, mwalimu wako atakunyoosha." Maneno hayo husemwa bila ya kufikiri, na huenda yakamnyamazisha mtoto kwa jioni moja. Lakini mtoto wa miaka mitano huyaamini. Siku ikifika anapelekwa kwa mtu ambaye wazazi wake wamekwisha kumuahidi kuwa atamuumiza, na watu wanashangaa kwamba anaukumbatia mlango. Bora aambiwe habari za rafiki zake, za nyimbo za darasani, na apitishwe mbele ya skuli siku moja au mbili kabla haijafunguliwa aione ilivyo.

Langoni, kuagana kuwe kufupi na kwa kweli. Mzazi anayetoroka mtoto akiwa amegeuka huondoka na utulivu wa siku moja, na hulipia siku zinazofuata, kwani mtoto amejifunza kwamba asipomtazama mama yake atapotea. Mtoto mdogo hajui saa, kwa hiyo asiambiwe "saa sita". Aambiwe: "Mtasoma, mtacheza, mtanawa mikono, kisha nitakuwa hapa chini ya mwembe." Na aliyeahidi awepo.

Kwa upande wa walimu, Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliweka elimu ya maandalizi ya miaka miwili na kuanza skuli ya msingi katika umri wa miaka 6. Hivyo wanaoingia darasa la kwanza ni wadogo kuliko walivyokuwa wazee wao. Siku za mwanzo ziwe za nyimbo, michezo na herufi walizokwisha kuzijua, na kila siku ifuate mpango ule ule. Vipindi vya redio vilivyoandaliwa kwa ajili ya vituo vya Tucheze Tujifunze tangu mradi wake uanze mwaka 2006 vilionesha faida hiyo: mtoto aliyesikia wimbo wa kuanzia alijua kinachofuata, akatulia. Kumchapa mtoto wa maandalizi kwa sababu amefika amechelewa ni kumwadhibu kwa kosa la mwenye kumleta. Sheria ya Mtoto, Nam. 6 ya mwaka 2011, imetaka maslahi ya mtoto yatangulizwe.

Watumishi wa Serikali wana nafasi ambayo mvuvi na mkulima hawana, nayo ni likizo ya mwaka yenye malipo. Mtumishi mwenye mtoto anayeanza skuli aweza kuziweka siku mbili au tatu za likizo yake kwa wiki hiyo, na aiombe mapema ili kazi isilale. Wakuu wa Idara nao wanaombwa waizingatie sababu hiyo kama wanavyozizingatia nyengine. Akina baba wanahusika hapa sawa na akina mama. Hadi sasa langoni huonekana mama, bibi na dada, na baba huonekana siku ya matokeo.

Watoto wengi hutulia ndani ya wiki mbili. Ambaye baada ya wiki tatu bado analia, anakojoa kitandani ilhali alikuwa ameshaacha, au anaumwa tumbo kila asubuhi ya skuli na kupona siku za mapumziko, ana sababu nyengine. Yumkini haoni ubao, hasikii vizuri, anaondoka nyumbani hajala, au kuna anayemuonea njiani. Mzazi wake asisubiri mkutano wa wazazi. Aende kwa mwalimu wa darasa wakati watoto wameshatoka, na jambo likiwa zito aende kwa Mwalimu Mkuu, na macho na masikio ya mtoto yakapimwe katika kituo cha afya kilicho karibu.