Mgongo Hauponi Kitandani

Leo uniwie radhi, sitazungumzia madiwani wala bei ya mahindi pale soko la Kilombero. Nataka tuzungumze habari za mgongo. Naam, mgongo: huu uti unaotubeba tangu alfajiri hadi usiku, na ambao hatuukumbuki mpaka siku utakapogoma.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, siku ya Jumamosi, nilikwenda gulioni Tengeru nikanunua gunia la viazi. Kijana wa mkokoteni alitaka shilingi elfu moja kunifikishia kwenye gari. Mimi, kwa ubahili na kwa kujiona bado kijana, nikaliinamia mwenyewe. Nilisikia kitu kama kamba inakatika kiunoni. Nilifika nyumbani nimepinda, mke wangu akafungua mlango akaniuliza, "Baba, umeangusha nini?" Sikuwa nimeangusha kitu.

Yaliyofuata ndiyo hasa ninayotaka kukusimulia, maana nilifanya karibu kila kosa linaloweza kufanywa. Niliweka mbao chini ya godoro nikalala wiki tatu. Nilimwita mwanangu wa miaka saba anikanyage mgongo. Nilinunua mkanda mpana wa kiunoni. Nilichomwa sindano katika duka la dawa bila mtu kunipima, nikapewa na vidonge, nikavimeza mpaka tumbo likawaka moto. Mwisho nikaenda kupiga picha ya eksirei, nikaambiwa pingili zimesagika. Neno hilo ndilo lililonimaliza. Tangu siku ile nikawa natembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai kichwani.

Aliyeniokoa ni binti mmoja wa fiziotherapia, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Aliniamkia, akanisikiliza mpaka mwisho, akapima nguvu za miguu, akanigonga magoti kwa kinyundo, kisha akauliza, "Mzee, umelala siku ngapi?" Nikamjibu kwa fahari: siku ishirini na moja. Akatikisa kichwa. "Basi gunia lilikuumiza siku chache tu," akasema. "Hizo nyingine umejiumiza mwenyewe kwa kulala."

Ndugu msikilizaji, stashahada yangu ni ya uandishi wa habari, si ya utabibu. Kwa hiyo nikafanya kazi niliyofundishwa: nikauliza, nikasoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kosa la kwanza ni hilo la kitanda. Mgongo ukiuma, wazee wetu walituambia tulale chali mpaka uache, na hata madaktari wa zamani waliagiza hivyo hivyo. Lakini mtu akilala, misuli inayoshikilia uti hulegea, viungo hukakamaa, na woga huota mizizi. Mwaka 1995 madaktari wa Finland walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi 186 wa Jiji la Helsinki walioshikwa ghafla na maumivu ya mgongo. Kundi moja lililazwa siku mbili, la pili likapewa mazoezi maalumu, la tatu likaambiwa liendelee na shughuli za kawaida kadiri maumivu yatakavyoruhusu. Waliopona upesi ni wale wa tatu. Waliochelewa kuliko wote ni wale waliolala, nao walilala siku mbili tu! Sasa mimi niliyelala ishirini na moja, nijihesabu wapi?

Kosa la pili ni kukimbilia picha. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za mashine ya MRI watu 98 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo hata kidogo. Katika kila watu mia, ni 36 tu waliokutwa na diski zote salama, yaani vile visahani laini vilivyo kati ya pingili na pingili. Wengine wote walikuwa na kasoro fulani, na bado walikuwa wakila, wakilala na kufanya kazi bila shida. Maana yake ni nini? Maana yake pingili kusagika kidogo ni kama mvi. Umri ukisogea, huja. Kwa mtu asiye na dalili za hatari, ambazo nitazitaja punde, picha aghalabu huongeza gharama na hofu, wala haiongezi uponyaji.

Kosa la tatu ni sindano na vidonge vya kujinunulia. Dawa za jamii ya diklofenaki hutuliza, hilo silikatai, na daktari anaweza kukuandikia kwa siku chache. Lakini ukizigeuza chakula, hutoboa tumbo, huchosha figo na kupandisha shinikizo la damu. Mzee mwenye presha au kisukari ndiye anayepaswa kuziogopa zaidi, na kwa bahati mbaya ndiye anayezinunua zaidi.

Na ule mkanda wangu? Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Limetaja wazi mambo yasiyofaa kutumiwa kwa desturi, na miongoni mwake ni mikanda ya kiunoni, kuvutwa uti kwa mashine, na dawa kali za jamii ya afyuni. Yanayopendekezwa ni elimu kwa mgonjwa, mazoezi, kuchuliwa na mtaalamu, na msaada wa kuondoa woga na msongo wa mawazo. Shirika hilo linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, yaani mtu mmoja katika kila 13. Kwa hiyo usidhani umerogwa peke yako.

Kuhusu kukanyagwa mgongo na mtoto, sitasema mengi. Kuchuliwa na mtu anayejua ni jambo jema. Kukanyagwa na mtoto anayecheka huku anaruka ni bahati nasibu, hasa kwa mama mtu mzima ambaye mifupa yake imekwisha kuwa myepesi.

Tufanyeje basi? Binti yule alinipa dawa isiyouzwa: kutembea. Siku ya kwanza dakika kumi, kutoka nyumbani Sakina hadi barabara kubwa na kurudi. Siku ya pili kumi na mbili. Akanifundisha mazoezi matatu ya kufanya kwenye mkeka: kuvuta magoti kifuani polepole, kulala chali nimekunja magoti na kuinua makalio, na kupiga magoti kama mtoto anayetambaa, kisha kuukunja na kuushusha mgongo kama paka anayejinyoosha. Akasema, "Maumivu kidogo wakati wa zoezi si kidonda, mzee. Yakipanda sana na kubaki, punguza, lakini usiache." Maji ya moto kwenye chupa yalinisaidia sana, hasa kwa baridi yetu ya Julai. Baada ya wiki sita nilikuwa napanda ngazi za ofisini bila kushika ukuta.

Tusisahau kazi zenyewe. Mama anayeteremka miteremko ya Meru na mzigo wa majani ya ng'ombe, binti anayeinama siku nzima katika mashamba ya maua Usa River, fundi cherehani, dereva wa daladala, kijana wa bodaboda kwenye barabara ya mawe: hawa hawawezi kuambiwa waache kazi. Wanaweza kuambiwa wagawe mzigo mmoja uwe miwili, waukaribize mwilini na kukunja magoti wakati wa kuinua, na aliyekaa ainuke kila baada ya nusu saa. Nawe mwenye gunia, mlipe kijana wa mkokoteni.

Hadi hapa unaweza kudhani nasema maumivu yote ya mgongo ni madogo. Hasha! Hapa ndipo penye uzito wa mazungumzo ya leo, naomba unisikilize kwa makini.

Wakati mimi nimelala kwa ajili ya gunia la viazi, jirani yangu mmoja, fundi mwashi, alikuwa naye anaumwa mgongo. Yeye hakulala. Alivumilia. Miezi minne alipanda jukwaa la ujenzi huku usiku anatoka jasho, suruali zinamlegea kwa kukonda, na maumivu hayamwachi hata akiwa amelala. Tulimsifu kuwa ni mwanamume. Asubuhi moja aliamka miguu haina nguvu. Hospitali waligundua ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alikuwa hakohoi, hivyo hakuna aliyewaza. Dawa zake hutolewa bure katika nchi hii, na sisi huku kaskazini tuna hata Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, ambayo tangu enzi za ukoloni inashughulika na kifua kikuu. Dawa zilikuwapo muda wote huo. Jirani yangu sasa anatembea, lakini kwa fimbo, na juu ya jukwaa hapandi tena.

Kwa hiyo shika dalili hizi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo kama mkojo au choo vimegoma kutoka au vinatoka bila kujijua, kama una ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au kama miguu inaishiwa nguvu. Nenda haraka pia kama mgongo umeanza kuuma baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda. Na usikawie kama una homa, jasho la usiku, kukonda, maumivu yasiyotulia hata ukilala, au kama uliwahi kuugua saratani. Hapo picha na vipimo vina kazi yake. Waganga wa hospitali ya mkoa ya Mount Meru wakiona inafaa, watakupeleka KCMC Moshi.

Yapo mawili mengine ya kwetu hasa. La kwanza ni maziwa mabichi. Tunayapenda, lakini yanaweza kuleta ugonjwa wa brusela, wenye homa ya kuja na kuondoka pamoja na maumivu ya mgongo na viungo. Yachemshe. La pili ni maji. Pembezoni mwa Mlima Meru, kuanzia Maji ya Chai hadi Ngurdoto na kwingineko, maji mengi yana madini ya floraidi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kinachokubalika. Meno ya kahawia tumeyazoea hata tunayatania. Lakini anayeyanywa kwa miaka mingi anaweza kukakamaa uti na viungo, akashindwa kuinama. Huyo mazoezi peke yake hayamtoshi. Anahitaji kuonwa na daktari, na familia yake inahitaji maji mengine: ya mvua, ya bomba lililopimwa, au yaliyochujwa kwa makaa ya mifupa kama wataalamu wa kituo cha Ngurdoto walivyokwisha kuonyesha.

Ndugu msikilizaji, mimi na jirani yangu tuliishi ukuta kwa ukuta, na wote wawili tulikosea, kila mtu upande wake. Mimi nililala wakati wa kutembea. Yeye alitembea wakati wa kukimbilia hospitali. Mimi niliogopa neno la kwenye picha, yeye akadharau jasho la usiku. Laiti jioni moja tungeketi kibarazani tukaambiana ukweli, huenda leo angekuwa juu ya jukwaa lake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii kifo kilipita mlangoni, lakini hakikuondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo ukitoka hapo ulipo, muulize mwenzako: mgongo wako unaumaje, na unauma lini? Kama ni uchovu wa kazi, mshike mkono mtembee naye hadi dukani na kurudi. Kama ni dalili nilizozitaja, mpandishe gari usiku huo huo.

Hadi wiki ijayo, inshallah, nakutakia usingizi mwema na mgongo mwepesi. Kwaheri.