Haja Ndogo Nayo Huwasha Taa

Juma hili mniwie radhi, kwa maana mazungumzo yangu ni ya chooni.

Katika matope na maji machafu wamo bakteria wanaokula uchafu kama sisi tunavyokula ugali. Kila kiumbe akila hubaki na elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, ambazo sharti azitue mahali. Sisi tunazitua kwenye oksijeni tunayovuta. Bakteria hawa, wakikosa hewa huko topeni, huzitua kwenye kutu ya chuma. Ukiwawekea kipande cha kaboni, huzitua hapo. Unganisha kaboni hiyo kwa waya na kipande cha pili kinachopata hewa, elektroni zitapita wayani, na huo ndio umeme.

Habari hii si ya jana. Mwaka 1911 M. C. Potter, profesa wa mimea huko Durham, Uingereza, alieleza kwamba vijidudu vinaweza kutoa umeme. Mwaka 1987 Derek Lovley wa Marekani na wenzake wakaeleza habari za bakteria wa tope la mto Potomac, ambaye baadaye alipewa jina la Geobacter.

Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha West of England, mjini Bristol, pamoja na shirika la Oxfam, walijaribu choo ambacho haja ndogo ndiyo inayowasha taa zake. Baadaye mtambo wa namna hiyo ulifungwa katika shule ya wasichana ya Seseme, Kisoro, nchini Uganda.

Wako watakaocheka. Mimi sicheki. Msichana wa bweni akibanwa usiku, hujizuia mpaka kuche kwa hofu ya giza, ya nyoka na ya watu wabaya. Kwake taa moja mlangoni pa choo si jambo dogo.

Lakini tusidanganyane. Chombo kimoja hutoa kama nusu volti tu, ndiyo maana hufungwa vingi pamoja. Umeme huo hautaendesha mashine ya kusaga wala pasi. Tena mtambo usio na fundi wa kuuangalia hugeuka chuma chakavu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wajenzi wa shule ni hili: mnapopiga hesabu ya madarasa, pigeni na ya choo pamoja na taa yake, iwe ya jua, ya nguzo au ya vijidudu. Msichana hatauliza umeme umetoka wapi.

Kwa leo ni hayo. Tukutane juma lijalo.